Lillian Wald, muuguzi aliyehamia mtaani kwa wagonjwa

Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaowasomea,

Safari hii nawaletea habari za muuguzi mwenzangu wa zamani. Lillian Wald alizaliwa mwaka 1867 huko Cincinnati, Marekani, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Alihitimu uuguzi New York mwaka 1891, kisha akaingia chuo cha wanawake kusomea udaktari.

Mwaka 1893, akiwa bado mwanafunzi, alijitolea kuwafundisha wanawake wahamiaji wa Lower East Side kuuguza wagonjwa nyumbani. Siku moja somo lilikuwa kutandika kitanda. Mara akaingia mtoto wa kike, akaeleza kwa maneno ya kukatika-katika kwamba mama yake ni mgonjwa. Ninyi mnaomfasiria mama kwa daktari mnaujua mzigo aliokuwa nao mtoto yule.

Wald akamfuata. Mvua ilikuwa ikinyesha, njia chafu, ngazi chafu zaidi. Vyumba vilikuwa viwili, watu wa familia saba, na wapangaji juu yake. Mama alikuwa amelala kwenye damu ya siku mbili. Inasimuliwa kwamba daktari alikuwa amemwacha kwa kuwa hawakuwa na pesa ya kumlipa. Wald alimsafisha, akamtandikia.

Kutandika kitanda chenye mgonjwa ni katika masomo ya mwanzo kabisa ya uuguzi. Lakini sisi tulijifunzia wodini, mashuka yamepangwa kabatini. Wald aliona siku ile kwamba alikuwa akifundisha kitanda bila kuijua nyumba kilimo.

Akaacha udaktari. (Wazazi, najua. Mtoto akileta habari hiyo leo, nyumba haikaliki.) Yeye na mwenzake Mary Brewster, waliyesoma naye uuguzi, wakahamia mtaani humo, ghorofa ya juu kabisa, ili watu wawafikie. Hawakungoja daktari awatume. Jirani akibisha hodi, walikwenda. Mwenye uwezo alilipa kidogo, asiye nacho hakudaiwa. Mwaka 1895 tajiri Jacob Schiff aliwapatia nyumba, namba 265 Henry Street.

Mimi hupenda zaidi habari ya shule. Wakati ule mtoto akikutwa na chawa, upele au ugonjwa wa macho alirudishwa nyumbani, basi. Hakuna aliyemtibu, akabaki kuzurura. Mwaka 1902 Wald akatoa muuguzi wake, Lina Rogers, kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule chache. Rogers alitibu watoto shuleni, na jioni akawafuata kwao kuwaonyesha mama zao la kufanya. Wengi wakarudi darasani, na serikali ya jiji ikaajiri wauguzi zaidi. Muuguzi wa shule yenu ametokea huko.

Mwaka 1906 Wald alimwajiri Elizabeth Tyler, muuguzi Mweusi, wakati milango mingi ilikuwa imefungwa kwa watu kama yeye. Wanafunzi wa uuguzi nao walikuja Henry Street kujifunza kazi majumbani mwa watu. Kazi hiyo Wald aliipa jina: uuguzi wa afya ya jamii.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1940. Nyumba ya Henry Street ingalipo, na bado inahudumia mtaa.

Jumamosi ijayo kila mmoja alete neno moja la hospitali lililowahi kumshinda kumfasiria mtu wa nyumbani. Tutalitafutia Kiswahili chake pamoja.