Fabre: Mwalimu fukara aliyewachungulia nyenje mlangoni

JEAN-HENRI Fabre, Mfaransa aliyemaliza umri wake akipiga magoti mbele ya vishimo vya wadudu, alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kwa wazazi wasiokuwa na kitu.

Alijisomesha kwa taabu, akawa mwalimu Carpentras, Ajaccio na hatimaye Avignon. Huko ndiko alikoponzwa na ulimi. Aliwafundisha wasichana jinsi maua yanavyochavushwa, wahafidhina wakang’aka, na kufikia mwaka wa 1870 hakuwa na kazi wala nyumba. Aliyemkopesha fedha za kuhama ni mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill. Mnamo 1877 akafiwa na mwanawe Jules, mwandani wake katika kusaka wadudu.

Miaka miwili baadaye alijipatia kipande cha ardhi yenye mawe kijijini Sérignan, ambacho mkulima yeyote angekikataa. Kwake kilikuwa hazina.

Miongoni mwa aliowachunguza ni nyenje weusi wa mashambani. Kila dume huishi pweke katika shimo alilojichimbia kabla ya baridi kuingia. Majira ya kuchipua yawadiapo, huketi mlangoni na kuimba kwa kusuguanisha mbawa zake. Madume wawili wakikutana, hasa palipo na jike, hushikana na kuumana vichwa. Lakini vichwa hivyo ni vigumu mithili ya kofia za chuma, hivyo majeraha huwa haba. Aliyeshindwa hutimka, naye mshindi hurejelea wimbo wake.

Mnamo 1961 Mmarekani Richard Alexander alichapisha uchunguzi mpana kuhusu ukali wa madume hao na maeneo wanayoyalinda. Leo inafahamika kwamba sauti imwitayo jike humwonya pia dume jirani asisogee, na ndiyo sababu uwanja unaoonekana kujaa nyenje ovyo huwa umegawanywa.

Fabre alikosea pia, tena kwa kishindo. Alifyatua mizinga ya kijiji chini ya miti ili kuwajaribu wadudu waimbao matawini wakati wa jua kali. Hawakunyamaza, akaamua kuwa ni viziwi. Baadaye iligunduliwa kwamba wana masikio, yaliyo tumboni. Aidha, aliipinga nadharia ya mageuzi ya Charles Darwin, ijapokuwa Darwin alikuwa amemsifu.

Majuzuu 10 ya kumbukumbu zake yalitoka kati ya 1879 na 1907. Alifariki Oktoba 1915, akiwa na umri wa miaka 91, papo hapo Sérignan.