Cyrus McCormick, mtu wa mashini ya kuvuna, na wale waliobaki nyuma ya jina lake

Kila tarehe 1 mwezi wa tano, wafanyakazi wa Fungurume, Kolwezi na Likasi wanapumzika. Wengi wanajua kama ni siku ya kazi. Wachache wanajua kama historia ya siku ile inapita kwenye mlango wa kiwanda kimoja cha Chicago, kule Marekani, ambacho kilikuwa kinatengeneza mashini za kuvuna ngano, zile za kuvutwa na farasi. Mwenye kiwanda alikuwa anaitwa Cyrus McCormick. Wakati damu ilimwagika pale alikuwa amekwisha kufa miaka miwili mbele. Lakini maisha yake yanaonyesha vizuri namna mashini inazaliwa, nani anaitengeneza, nani anaandikwa jina, na nani anapoteza kazi.

Mtoto wa fundi wa chuma

Cyrus Hall McCormick alizaliwa tarehe 15 mwezi wa pili 1809, katika shamba la Walnut Grove, jimbo la Virginia. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baba yake, Robert, alikuwa mkulima na pia fundi. Pale nyumbani kulikuwa karakana ya kufua chuma, na kulikuwa pia watumwa weusi, kwa sababu Virginia ya wakati ule ilikuwa inchi ya utumwa.

Robert alisumbuka miaka mingi na shida moja: kuvuna. Hapa kwetu mahindi yakikauka, yanaweza kubaki shambani siku kidogo, mama anakuja kuyavunja polepole pamoja na watoto. Ngano si vile. Ikisha kuiva, haingoji. Mbegu zinaanguka chini, mvua kali inailaza, na kazi yote ya mwaka inapotea. Mtu mwenye mundu hawezi kumaliza hata nusu hekta kwa siku. Mwenye fyekeo refu anafika kama hekta moja, akiwa na nguvu. Kwa hiyo mkulima alikuwa anaweza kupanda mingi, lakini alipanda paka ile ambayo mikono yake inaweza kuvuna. Farasi walikuwepo, jembe la kukokotwa lilikuwepo, lakini kwenye kuvuna kila kitu kilikuwa kinakwama.

Robert alitengeneza mashini ya kusukumwa na farasi kutoka nyuma. Ilikata, lakini ilivuruga majani na kuyatupa ovyo. Mwaka wa 1831 aliiacha. Cyrus, kijana wa miaka 22, aliichukua kazi ile, akaanza tena kwa namna yake.

Mashini ilikuwa inatumika namna gani

Ukiangalia vizuri mashini ya Cyrus, utaona kama haikuwa kitu kimoja, ilikuwa vitu saba vilivyounganishwa. Cha kwanza ni gurudumu kubwa lililobeba uzito. Farasi akivuta, gurudumu linazunguka, na meno yake yanapeleka nguvu kwenye sehemu zingine. Hapo hapakuhitajika moto wala mvuke, nguvu yote ilitoka kwenye mwendo wa farasi.

Cha pili ni kisu kirefu, chenye meno sawa msumeno, kinachoenda na kurudi upesi upesi karibu na udongo. Cha tatu ni vidole vya chuma vilivyosimama mbele ya kisu. Kazi yao ni kushika shina lisikimbie. Kila mtu aliyekwisha kukata majani na panga lisilo kali anajua shida ile: unapiga, jani linainama tu. Vidole vilikuwa vinazuia kuinama.

Cha nne ni gurudumu jepesi la mbao, lililozunguka juu na kuinamisha ngano kwenye kisu. Cha tano ni ubao wa nyuma, mahali ngano iliyokatwa ilianguka ikilala vizuri. Mtu alitembea pembeni na reki, akaivuta chini kwa mafungu. Cha sita ni kipande cha mwisho wa kisu kilichotenga ngano ya kukatwa na ile ya kubaki imesimama. Na cha saba: farasi hakusukuma tena kutoka nyuma, alivuta kutoka mbele, akitembea pembeni, pale ambapo ngano ilikuwa imekwisha kukatwa. Vile hakuikanyaga.

Katika mwezi wa saba 1831, Cyrus alionyesha mashini yake kwenye shamba la oti, nafaka inayofanana na ngano, karibu na Steele's Tavern. Majirani walikuja kuangalia. Ilipiga kelele mingi, lakini ilikata. Tarehe 21 mwezi wa sita 1834 serikali ya Marekani ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Jo Anderson

Katika hati ile kuna jina moja tu. Lakini katika karakana ya Walnut Grove, Cyrus hakuwa peke yake. Mtu aliyemsaidia zaidi alikuwa Jo Anderson, mtumwa wa familia, ambaye umri wao ulikuwa karibu sawa. Jo alifua chuma, akaunganisha sehemu, na alikuwepo shambani siku ya kwanza ya kujaribu. Cyrus mwenyewe alikubali kama Jo alimsaidia. Lakini kukubali kwa mdomo ni jambo moja, na faida ni jambo lingine.

Sheria ya wakati ule haikumwona mtumwa kama mtu mwenye haki. Mwaka wa 1858, mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani aliamua wazi kama uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupata hati: mtumwa hawezi kuiomba, na bwana wake hawezi kuiomba kwa kazi ya kichwa cha mtumwa. Maana yake, kama mtumwa amevumbua kitu, kwa sheria hakuna aliyekivumbua. Utumwa ulikwisha Marekani mwaka wa 1865. Wakati ule mashini ilikuwa imekwisha kumtajirisha Cyrus, na Jo Anderson hakuwa na fungu ndani ya kampani.

Wengine walikuwa njiani

Cyrus hakuwa pia wa kwanza duniani. Kule Scotland, Patrick Bell alitengeneza mashini ya kuvuna mwaka wa 1828, na hakuomba hati yoyote. Katika Marekani yenyewe, Obed Hussey, mtu aliyekuwa zamani mfanyakazi wa baharini, alipata hati yake mwezi wa kumi na mbili 1833, miezi sita mbele ya Cyrus.

Hapo mashindano yalianza. Mwaka wa 1843 wawili walipambanisha mashini zao shambani kule Virginia, na ile ya McCormick ilifanya vizuri zaidi. Lakini Hussey alikuwa na kitu kizuri: kisu chake. Kilikuwa na vipande vya pembe tatu vilivyopigiliwa kwenye chuma kimoja, vikipita ndani ya vidole. Mwaka wa 1847 aliviboresha vidole vile, akaviacha wazi kwa nyuma ili majani yaliyokwama yatoke yenyewe. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ilikuwa dawa ya ugonjwa mkubwa wa mashini zote, maana majani mabichi yakijaa ndani, kisu kinasimama na farasi wanasimama. Namna ile ya kisu cha Hussey ndiyo ilienea hata kwa mashini za kukata majani. Hussey mwenyewe hakutajirika sawa mwenzake. Alikufa mwaka wa 1860, aliposhuka kwenye treni kumtafutia mtoto mmoja maji na kuanguka chini ya magurudumu.

Kutoka Virginia mpaka Chicago

Juu ya nini basi jina la McCormick ndilo lilibaki? Jibu haliko katika kisu wala gurudumu. Liko katika kuuza.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Baada ya mwaka wa 1837, wakati uchumi wa Marekani ulianguka, familia ilipoteza kazi yake ya kuyeyusha chuma na ilibaki na madeni. Mashini zilitengenezwa moja moja nyumbani. Mwaka wa 1842 aliuza 7, mwaka wa 1843 akauza 29, na mwaka wa 1844 akauza 50. Lakini Cyrus aliona kama Virginia, yenye milima na mawe, haikuwa mahali pake. Ngano ilikuwa inahamia magharibi, kwenye mbuga kubwa zisizo na mawe, ambako mashamba yalikuwa makubwa na wafanyakazi wachache. Mwaka wa 1847 alijenga kiwanda Chicago, mji ambao ulikuwa bado mdogo na wa matope.

Pale alifanya mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida. Aliweka bei moja, inayojulikana na wote. Mkulima alilipa sehemu, akachukua mashini, na alimaliza deni kisha mavuno. Kila mahali aliweka mtu wa kampani, mwenye kuonyesha namna ya kuitumia na mwenye vipande vya kubadilisha. Mkulima alipewa ahadi kama mashini isipofanya kazi iliyosemwa, itarudishwa. Mwaka wa 1851 aliipeleka London kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Magazeti ya Uingereza yalianza kwa kuicheka, lakini iliposhuka shambani iliondoka na medali.

Mashini iliendelea kubadilika, na si kwa kichwa chake peke yake. Kwanza mtu wa reki alipata kiti, akaacha kutembea. Kisha mkono wa mashini wenyewe ulianza kuvuta ngano chini. Ndugu wawili wa jina la Marsh walipata mwaka wa 1858 hati ya mashini iliyopandisha ngano juu ya meza, ambapo watu wawili walisimama wakifunga miganda. Baadaye ilikuja mashini ya kufunga yenyewe kwa waya, lakini wakulima walilalamika kama vipande vya waya vinaingia katika chakula cha ng'ombe. John Appleby alitafuta namna ya kufunga fundo la kamba, na kamba ikashinda waya. Mengi ya hayo kampani ya McCormick ilinunua haki yake, au ilifuata nyuma ya wengine.

Na pale ambapo hakununua, Cyrus alishitaki. Alikuwa mtu wa tribinali. Alimpeleka John Manny mbele ya waamuzi mwaka wa 1855, na katika avoka waliochukuliwa na upande wa Manny kulikuwa Abraham Lincoln, ingawa wenzake walimweka pembeni. McCormick alishindwa. Hata ndani ya familia kulikuwa ugomvi: Leander, mdogo wake aliyefanya naye kazi kiwandani, alisema mbele ya watu kama mvumbuzi wa kweli alikuwa baba yao Robert.

Mwezi wa kumi 1871, moto mkubwa wa Chicago uliunguza kiwanda. Cyrus alikuwa na miaka 62 na mali ya kutosha kupumzika. Mke wake, Nettie Fowler, aliyejua vizuri mambo ya kampani, alisimama upande wa kujenga tena. Kiwanda kipya kilifunguliwa mwaka wa 1873. Cyrus alikufa Chicago tarehe 13 mwezi wa tano 1884, na mtoto wake wa jina lile lile alichukua nafasi.

Mlango wa kiwanda

Mafundi waliomimina chuma kiwandani walikuwa na umoja wenye nguvu. Mwaka wa 1885 walifanya greve kwa sababu mishahara ilipunguzwa, na walishinda. Kisha kampani ilileta mashini za kumimina chuma, ili isiwahitaji tena. Kampani iliyotajirika kwa kupunguza mikono shambani ilipunguza sasa mikono ndani ya kiwanda chake.

Mwanzo wa mwaka wa 1886 wafanyakazi walifungiwa mlango, na wengine walichukuliwa pahali pao. Tarehe 1 mwezi wa tano, maelfu ya wafanyakazi wa Marekani walisimamisha kazi wakiomba siku ya saa 8. Tarehe 3, polisi walipiga risasi mbele ya kiwanda cha McCormick, na wafanyakazi walikufa. Kesho yake, katika mkutano wa Haymarket kulaani mauaji yale, mtu alitupa bomu. Polisi 7 walikufa, na raia pia. Watu 8 walihukumiwa bila kuonyeshwa kama ni wao waliotupa bomu, na 4 walinyongwa mwaka wa 1887. Miaka miwili nyuma, mkutano wa wafanyakazi kule Paris ulichagua tarehe 1 mwezi wa tano kuwa siku ya wafanyakazi wa inchi zote.

Na kwetu?

Farasi wa McCormick hawakufika kulima hapa. Katika sehemu nyingi za Katanga, mbung'o, ile nzi ya ugonjwa wa usingizi, iliwakataza wanyama wa kazi, na jembe la mkono lilibaki mfalme. Leo bado bukari inayoliwa katika miji yetu inategemea sana mahindi ya kutoka Zambia.

Kwa mkulima wa Lualaba anayeota mashini, maisha ya Cyrus yana somo moja la wazi: mashini bila vipande vya kubadilisha, bila mtu wa kuitengeneza karibu, na bila deni linalongoja mavuno, inakuwa chuma cha kutupa. Na kwa mfanyakazi wa mine anayeona kila mwaka mashini kubwa zaidi zikiingia, somo ni lingine. Mashini haikatai watu yenyewe. Watu wanakaa mezani na kuamua faida yake itaenda wapi. Jo Anderson hakuitwa kwenye meza ile. Wafanyakazi wa Chicago walikwenda kubisha mlango wake.