Hildebrandt, mtunza bustani aliyelipeleka Ulaya yungiyungi la Zanzibar

MKAZI wa Malindi, Watamu au Kilifi anayechimba kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba yake huenda akavutiwa na yungiyungi la rangi ya samawati au zambarau lililobeba jina la Zanzibar. Ni wachache wanaofahamu kwamba ua hilo liliingia katika vitabu vya sayansi kutokana na jitihada za kijana wa Kijerumani mwenye jicho moja, Johann Maria Hildebrandt.

Hildebrandt alizaliwa Düsseldorf mwaka wa 1847, mwana wa mchoraji. Alianza kujifunza kazi ya mitambo, lakini mlipuko ukampofusha jicho moja. Ndipo alipogeukia mimea na kufanya kazi katika bustani ya mimea ya Berlin.

Mwaka wa 1872 alifunga safari. Alipitia Bahari ya Shamu na pwani ya Wasomali hadi Zanzibar, akikausha majani, akikusanya mbegu na kuhifadhi ndege na wadudu.

Yungiyungi alilolikuta Zanzibar lilimfikia Profesa Robert Caspary wa Königsberg, bingwa wa jamii hiyo ya mimea. Mwaka wa 1877 Caspary aliliandika kwa jina la Nymphaea zanzibariensis. Wataalamu wa baadaye wameliona kuwa aina ndogo ya yungiyungi la samawati linaloenea Afrika na Asia, lakini jina la kisiwa halikufutwa. Wakuzaji wa maua wa Ulaya na Marekani walilitumia kuzalisha mayungiyungi mapya ya nchi za joto.

Anayelichagua kwa kidimbwi chake yampasa ajue tabia yake. Hufunua maua asubuhi na kuyafumba alasiri, tofauti na yungiyungi jeupe la Kiafrika, Nymphaea lotus, ambalo huchanua usiku na kumfaa anayerudi nyumbani jioni. Majani yake hutanda sana, kwa hiyo mche mmoja hutosha kidimbwi kidogo. Hutaka jua kali na maji yaliyotulia, wala halistahimili chumvi. Mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi karibu na bahari ni heri akinge ya mvua. Samaki wadogo wakitiwa humo, watakula viluwiluwi vya mbu.

Hildebrandt mwenyewe hakupata wakati wa kutulia kando ya maji. Mwaka wa 1875 alikuwa Visiwa vya Komoro. Kisha akaondoka Mombasa na msafara wa wapagazi, akipitia nchi ya Wataita, kwa azma ya kuufikia Mlima Kenya. Mwaka wa 1877 alifika Kitui, na hapo safari ikakwama. Akarudi pwani bila kuukanyaga mlima. Hata hivyo hakurudi mikono mitupu. Kwezi mmoja wa Kenya na Tanzania, mwenye manyoya yanayong'aa na tumbo la rangi ya kahawia, hadi leo huitwa kwa jina lake. Wapagazi waliobeba mizigo hiyo hawakupewa heshima kama hiyo.

Mwaka wa 1879 alikwenda Madagaska. Afya yake ilidhoofika huko, na tarehe 29 Mei 1881 alifariki Antananarivo, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Pigo jingine lilikuja muda mrefu baada ya kifo chake. Machi 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea mikavu ya Berlin, na humo mlikuwamo kazi yake. Kilichookoa jasho lake ni kwamba vielelezo vyake vingi viligawanywa mafungu na kupelekwa katika hazina nyingine za Ulaya. Na yungiyungi lenyewe halikuhitaji hazina: lingali likichanua katika madimbwi ya Afrika Mashariki, mahali lilipokuwa kabla yeye hajafika.