John Newton: Nahodha wa watumwa aliyezaliwa upya

JOHN Newton alizaliwa jijini London mwaka wa 1725. Akiwa na umri wa miaka 11, alianza kusafiri baharini na babake, aliyekuwa nahodha. Ujanani alijulikana kwa matusi na kuidhihaki imani.

Mnamo Machi 1748, dhoruba kali iliipiga merikebu aliyosafiria katika bahari ya Atlantiki, naye akamlilia Mungu amrehemu. Merikebu haikuzama. Newton aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa wokovu wake.

Hata hivyo, hakuiacha biashara ya watumwa. Aliongoza merikebu zilizowabeba Waafrika wakiwa minyororoni hadi 1754, maradhi yalipomlazimisha kuacha ubaharia.

Mnamo 1764 alitawazwa kuwa kasisi wa Kianglikana na kuhudumu Olney, alikotunga wimbo Amazing Grace.

Mwaka wa 1788 alichapisha kijitabu kilichoanika mateso ya watumwa, akiungama hadharani hatia yake. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku biashara hiyo Machi 1807. Newton alifariki Desemba mwaka huo.

Baharini aliokolewa kwa siku moja. Kuwatubia hadharani Waafrika aliowauza kulimchukua miaka 40.