Lucy Lameck: Binti wa Njoro Aliyeingia Bungeni

Historia ya usharika mara nyingi huandikwa kwa majina ya wanaume. Tunawajua wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Tunawajua wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliowafuata. Akina mama waliopika, waliofundisha watoto na waliowauguza wagonjwa, majina yao yamebaki zaidi midomoni mwa wajukuu kuliko katika vitabu. Kwa sababu hiyo imeonekana vema, katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja, kutenga kurasa chache kwa ajili ya mwanamke mmoja wa mji wetu ambaye jina lake liliandikwa katika historia ya taifa. Kumbukumbu ya usharika haiwahusu waliomo katika daftari la washarika pekee. Inawahusu pia wana na mabinti wa mlima huu waliowatumikia watu wote bila kuuliza ni wa dhehebu gani.

Lucy Selina Lameck Somi alizaliwa mwaka 1934 huko Njoro Kwa Goa, mjini Moshi, katika familia ya wakulima. Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanaukumbuka mji ule wa zamani, mji wa reli na maghala ya kahawa, uliokaa tambarare chini ya vihamba vya mlimani. Mlimani kila mtu alijulikana kwa ukoo wake na kwa mangi wake. Mjini walichanganyika Wachagga, Wapare, Waswahili wa pwani, Wahindi na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtoto aliyekulia Njoro alijifunza mapema kuishi na watu wa kila namna, na somo hilo lilimfaa Lucy maisha yake yote.

Nyumbani kwao siasa haikuwa jambo la wanaume tu. Mama yake alikuwa mwanachama wa TANU katika siku ambazo kushika kadi ya chama hicho kulihitaji moyo, hasa kwa mwanamke. Yafaa wageni wetu wakumbuke hali ya Kilimanjaro katika muongo wa 1950. Kahawa ilikuwa imeleta fedha, shule zilikuwa nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi, na Wachagga walikuwa na Mangi Mkuu wao, Thomas Marealle. Kwa wengi mlimani, mambo ya Uchagga yalitosha. Chama cha kutaka uhuru wa Tanganyika nzima kilionekana kuwa jambo la watu wa mbali. Mama wa Njoro aliyejiunga na TANU alikuwa anatazama mbali kuliko mipaka ya kihamba, na binti yake aliyaona hayo kwa macho yake.

Mwaka 1950 Lucy alianza mafunzo ya uuguzi. Kwa msichana wa wakati ule hiyo ilikuwa njia ya heshima, na pengine mojawapo ya njia chache sana zilizokuwa wazi. Milango ilikuwa miwili mitatu tu: ualimu, uuguzi, au kurudi nyumbani kungoja kuolewa. Lakini alipoutazama utumishi wa afya chini ya serikali ya kikoloni, hakukubali kuutumikia. Akaacha kazi ambayo wengi wangeitamani, akajifunza kazi ya ukatibu. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Familia ya wakulima inapomsomesha binti, mshahara wake wa kwanza huwa tumaini la wengi, na kuuacha mshahara ulio mkononi kwa ajili ya imani ya moyoni kwahitaji ujasiri.

Kati ya mwaka 1955 na 1957 alifanya kazi katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU. Chama hicho kilichoanzishwa mwaka 1933 kilikuwa fahari ya mlima. Wakulima wadogo waliuza kahawa yao kwa pamoja, na mapato yake yalisomesha watoto wengi. Hata hivyo, kila aliyekulia kihambani ajua jinsi mambo yalivyogawanywa. Mgomba ulikuwa wa mama, kahawa ilikuwa ya baba. Mama alishiriki kupalilia, kuchuma na kubeba, lakini jina lililoandikwa katika daftari la chama cha msingi kwa kawaida lilikuwa la baba, naye ndiye aliyepokea malipo. Binti aliyeketi katika ofisi ya ushirika miaka ile alikuwa mahali pazuri pa kuliona jambo hilo, na hali ya mwanamke mkulima na mfanyakazi ndiyo iliyokuja kuwa mzigo wake bungeni.

Kwa njia ya TANU alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichojulikana kwa kuwapokea watu waliotoka katika kazi na vyama vya wafanyakazi. Baadaye alisoma pia Marekani, katika chuo kikuu cha Western Michigan. Ni wanawake wachache sana wa Tanganyika waliokuwa wamefika huko wakati ule. Wengine walikwenda ng’ambo wakarudi na vyeti. Lucy alirudi na vyeti na nia ileile aliyoondoka nayo.

Mwaka 1960 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wanawake waliokuwamo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Titi Mohamed, aliyewaamsha wanawake wa Dar es Salaam na kuwaingiza TANU kwa maelfu. Alikuwamo Sophia Mustafa wa Arusha, na alikuwamo pia Barbro Johansson, mmisionari Mlutheri kutoka Sweden aliyefundisha wasichana Kashasha, katika nchi ya Bukoba, na ambaye Walutheri wa Tanzania wanaikumbuka kazi yake hata leo. Mwislamu wa Dar es Salaam, Mtanganyika mwenye asili ya Asia, Mzungu wa misheni na binti wa Njoro waliketi katika baraza moja. Picha hiyo peke yake ilieleza ni nchi ya namna gani ilikuwa ikitafutwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwenge ukawashwa juu ya kilele cha mlima wetu, kazi ngumu zaidi ilianza. Lucy Lameck aliteuliwa kuwa Waziri Mdogo katika wizara iliyoshughulikia ushirika na maendeleo ya jamii. Yeye na Bibi Titi walikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kushika nafasi za namna hiyo katika serikali yetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge, na baadaye katika muongo huohuo alitumikia katika Wizara ya Afya. Hivyo yule aliyekataa kuuguza chini ya wakoloni akarudi katika kazi ya afya, safari hii akiwa miongoni mwa viongozi wake. Ilikuwa miaka ileile ambayo makanisa, Askofu Stefano Moshi akiwa mstari wa mbele, yalijitahidi kuijenga hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Bungeni alitumia nafasi yake kusema kwa ajili ya wanawake: wenye mimba na wasio na msaada, wafanyakazi na wakulima. Si kila mbunge alipenda kuyasikia hayo. Walikuwako walioona kwamba mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani, na kwamba mila isiguswe na sheria. Yeye alishika msimamo kwamba uhuru wa nchi haujakamilika ikiwa nusu ya watu wake hawajauonja. Mwaka 1971, baada ya mjadala mkali nchini, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyotambua haki ya mke kuwa na mali yake mwenyewe. Miaka 28 baadaye, mwaka 1999, sheria za ardhi zilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Njia hizo zilikatwa na wengi, naye alikuwa mmoja wa waliotangulia na panga.

Lucy Lameck alifariki tarehe 21 Machi 1993, kabla ya kutimiza miaka 60. Hakuuona mwaka 2010, Bunge alilolitumikia lilipopata Spika mwanamke, Anna Makinda. Wala mwaka 2021, nchi ilipopata Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Lakini aliishi hadi siku ambazo Kanisa letu, mwanzoni mwa muongo wa 1990, lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Jambo ambalo babu zetu wasingalilifikiri likawa jambo la kawaida machoni pa watoto wetu.

Ndugu wasomaji, sheria zimeandikwa, lakini sheria haiingii kihambani yenyewe. Bado wako wajane wanaosumbuliwa na ndugu wa mume mara tu baada ya mazishi, na bado mabinti hupitwa wakati wa kugawa ardhi kwa sababu tu wataolewa. Katika mabaraza ya wazee wetu wa usharika mambo hayo huletwa kila mwaka. Hapo ndipo tunapoweza kumheshimu binti wa Njoro: kwa kumsikiliza mama anayekuja na shauri lake, kwa kumwandika binti katika wosia pamoja na kaka zake, na kwa kumpa msichana ada ya shule kwa mkono uleule unaompa mvulana. Usharika uanzao miaka mia nyingine uyafanye hayo, na watakaoandika kitabu cha pili wasikose majina ya akina mama.