Joseph Dutton, mchunguzi wa damu aliyefia Kasongo

KINDU – Kusini ya Kindu, katika jimbo letu la Maniema, uko mji wa Kasongo. Hapo ndipo alifariki mganga Mwingereza Joseph Everett Dutton, tarehe 27 mwezi wa pili 1905, akiwa na miaka 30 tu. Aliuawa na ugonjwa ule ule aliokuwa akiuchunguza.

Dutton alizaliwa mwaka wa 1874 karibu na Liverpool. Alimaliza masomo ya uganga mjini humo, na mara moja akaingia patolojia, yaani elimu ya kutambua ugonjwa kwa kuchunguza damu na nyama za mwili. Ndani ya patolojia yenyewe alichagua kipande kidogo: vijidudu vinavyoishi katika damu. Hata leo waalimu wa tiba hubishana kama kijana achague kipande chake mapema, ao kwanza ajue yote.

Kwa Dutton uchaguzi huo ulizaa matunda haraka. Huko Gambia, mwaka wa 1901, daktari Forde aliona vidudu katika damu ya nahodha mmoja mzungu mwenye homa, lakini hakuvitambua. Dutton aliangalia kwa mikroskopi akajua ni tripanosoma, aina iliyokuwa inajulikana kwa wanyama. Akaiita Trypanosoma gambiense. Hakujua bado kwamba ndiyo inaleta malale. Jambo hilo lilifahamika Uganda mwaka wa 1903.

Mwaka huo huo wa 1903 alifika Kongo pamoja na Mkanada John Todd na Cuthbert Christy. Mfalme Leopold wa Pili ndiye aliyeomba uchunguzi juu ya malale. Tusisahau kwamba serikali yake iliwalazimisha watu kutafuta mpira na kubeba mizigo, na malale ilikuwa inamaliza vijiji.

Walipofika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, Dutton na Todd walikuta homa nyingine, inayopona kisha kurudi tena. Wenyeji walishaishuku papasi, wengine wanasema kimputu, anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo na kuuma watu usiku. Waganga hao walichukua papasi, wakawaacha wawaume nyani, na nyani wakaugua. Wakaona jambo kubwa zaidi: hata watoto wa papasi, waliototolewa kwenye mayai na hawajamuuma mgonjwa yeyote, waliambukiza. Ndiyo sababu nyumba moja inaweza kubaki na homa hiyo muda mrefu.

Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona, akamalizia kazi na kuichapisha mwaka ule wa 1905. Kule Afrika Mashariki ya Wajerumani, Robert Koch naye alikuwa amefikia jibu hilo kwa njia yake. Kijidudu cha homa ya papasi kilipewa jina la Dutton, nalo lingali linatumika: Borrelia duttonii. Hakuna kijidudu kilichopewa jina la mmoja wa wagonjwa wa Kisangani waliotoa damu yao.

Malale ya gambiense, ile aliyoipa jina, haijatoka Kongo. Nchi yetu ndiyo bado yenye wagonjwa wengi kuliko nyingine zote. Na inatambuliwa vile vile: mtu mmoja aliyejifunza kuangalia damu, ameinama juu ya mikroskopi.