Karl Terzaghi, mzee aliyejua kwa nini kifusi kinashuka



Leo siasa tuziweke pembeni. Jumamosi alfajiri, tarehe 13 Januari 2024, kifusi kiliwafunika wachimbaji wadogo pale Ng'alita, wilayani Bariadi, mkoa wetu huuhuu wa Simiyu. Walikufa zaidi ya 20, wengi vijana. Mvua zilikuwa nyingi na eneo lilikuwa limezuiwa, lakini jamaa waliingia. Hapa Lagangabilili vijiweni maneno yakawa yaleyale: maji yamelainisha udongo, umeteleza kama sabuni. Wengine wakasema kafara. Mimi nikaanza kusoma, nikakutana na mzee mmoja, marehemu siku nyingi, aliyetumia maisha yake kulijibu swali hilo. Na jibu lake siyo sabuni.

Anaitwa Karl Terzaghi. Alizaliwa Prague tarehe 2 Oktoba 1883, enzi za dola ya Austria na Hungary. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, na mtoto naye akapitishwa shule za kijeshi. Chuo alisoma Graz, uhandisi wa mitambo, akamaliza 1904. Msidhani alikuwa mpole, kwa utundu wake nusura afukuzwe. Ila moyo wake ulikuwa kwenye miamba. Hata alipokuwa jeshini kwa mwaka mmoja, alitafsiri kitabu cha jiolojia kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani.

Akaingia kazi za ujenzi, mpaka Urusi akafika. Huko akaona kitu kilichomkera. Wahandisi wanapiga hesabu za chuma na zege vizuri tu, wakifika kwenye udongo wanabahatisha. Mwaka 1912 akaenda Marekani kuzunguka kwenye miradi ya mabwawa, akiamini akikusanya taarifa za kutosha kanuni itajitokeza yenyewe. Wapi! Mwishoni mwa 1913 akarudi kakata tamaa.

Mwaka 1916, katikati ya vita, akapelekwa Istanbul kufundisha. Vita ilipoisha 1918 upande wake ulikuwa umeshindwa, kazi ikaota nyasi. Akapata nafasi Robert College, chuo cha Wamarekani mjini humohumo. Maabara ya udongo hakuna. Akajiundia vifaa vyake vya kuungaunga, akawa anaukandamiza udongo uliolowa na kupima maji yanavyotoka taratibu. Mwaka 1925 kitabu chake kikatoka Vienna, na mwaka huohuo chuo cha MIT cha Marekani kikamchukua. Fani nzima ya mekanika ya udongo inahesabiwa kuwa imeanzia hapo.

Sasa aligundua nini? Naeleza kwa fizikia yangu ya fomu foo. Udongo ni punje. Punje zinakandamizana, na msuguano kati yao ndio unaosimamisha ukuta wa shimo. Katikati ya punje kuna nafasi. Maji yakijaa humo yakakosa pa kutokea, yanabeba sehemu ya mzigo na kusukuma, punje hazikandamizani tena kama mwanzo. Msuguano unapungua. Uzito wa juu uko palepale, tena umeongezeka, lakini kinachoushikilia kimepungua. Unashuka.

Mwaka 1950 aliandika makala kuhusu maporomoko na kupinga kabisa hiyo habari ya maji kuwa kilainishi. Tofauti ni kubwa wadau. Kama ni utelezi, jua likiwaka tumepona. Kama ni msukumo wa ndani, mvua inakatika leo, maji yanaendelea kuzama, na ukuta mkavu kwa nje unaweza kukushukia keshokutwa.

Na mwamba je? Mwaka 1962, mzee anakaribia miaka 80, akaandika kuhusu miteremko mikali ya mwamba mgumu. Ugumu wa jiwe siyo hoja kubwa. Hoja ni nyufa, zimeinamia wapi na maji yaliyomo yanasukuma kiasi gani. Jiwe linaloshinda nyundo linaweza kudondoka zimazima kama ufa wake umeinamia shimoni.

Kazi yake ilifika mpaka kwa jirani zetu Kenya. Miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Sasumua, kule Kinangop, la kupeleka maji Nairobi. Udongo mwekundu wa pale uliwachanganya wahandisi, maana vipimo vya kawaida viliuonyesha kama mfinyanzi wa hovyo. Terzaghi, akiwa mshauri, akaeleza kwamba chembe zake zimeshikana na kuwa vidonge vigumu, kwa hiyo una nguvu kuliko vipimo vinavyodai. Bwawa likajengwa kwa udongo huohuo, na mwaka 1958 akachapisha habari zake. Nairobi inayanywa maji yale mpaka leo.

Tangu 1938 alikuwa amehamia Marekani moja kwa moja, akifundisha Harvard, na mkewe Ruth naye alikuwa mwanajiolojia. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1963, umri miaka 80. Mwaka 1965 bwawa moja kule British Columbia, Canada, likapewa jina lake.

Kinachoniuma ni hiki. Kitabu cha mwaka 1925, na bado elimu yake haijashuka kwenye duara. Jamaa zetu wanajua kufunga matimba, wanajua mshipa wa dhahabu unakwenda wapi. Maji hawajaambiwa. Kwa hiyo ndugu yangu unayeingia shimoni, ukiona ufa mpya juu ya ukingo, maji yanachuruzika ukutani au vijiwe vinadondoka vyenyewe, toka, na usirudi kwa sababu tu jua limewaka.

Najua njaa haisubiri ukuta ukauke. Lakini kifusi nacho hakisubiri.

Wachimbaji mlioko Bariadi na Itilima, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Nawasilisha.